Trekta la Mafuta ya Taa na Siri ya Manifoldi Yake

Ndugu mkulima, ukiletewa trekta kuukuu la kijivu aina ya Ferguson, ukaambiwa "hili linakula mafuta yoyote", usitoe hela kabla hujalichunguza bomba la chuma lililofungwa ubavuni mwa injini, kati ya kabureta na silinda hedi. Mafundi huliita manifoldi, na historia yake itakuambia unanunua nini.

Kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilianza kuyatengeneza matrekta hayo mwaka 1946, na hadi 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000. Ya kwanza yalitumia petroli. Lakini baada ya vita petroli kule ilikuwa ya mgawo hadi 1950, na wakulima walishazoea mafuta ya taa tangu enzi za Fordson. Mwaka 1949 likaja toleo la mafuta ya taa.

Sasa, mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi. Yakiingia kwenye silinda yakiwa matone, hayaungui yote. Mengine hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Kwa hiyo manifoldi ya toleo hilo iliundwa ili joto la eksozi liyapashe mafuta yakiwa njiani. Dereva aliwasha kwa petroli, akasubiri injini ipate moto, ndipo akageuza koki. Kabla ya kuzima alirudi kwenye petroli. Mvivu wa koki alikuta oili imeongezeka na kuwa nyepesi. Hiyo si baraka: beringi zinakwisha.

Ukitaka kutumia petroli leo, manifoldi ya mafuta ya taa itaipasha hewa kupita kiasi, na hewa ya moto ni nyepesi, nguvu inapungua. Ukiipa injini ya petroli mafuta ya taa, itagonga, kwa sababu kompresheni yake ni kubwa zaidi. Chagua manifoldi kwa mafuta utakayotumia. Kwamba imeingia kwenye bolti haitoshi.

Ubovu wa kawaida ni kupinda na kupasuka, kwa kuwa chuma hicho hupashwa na kupoa kila siku. Hewa ikipenya hapo, injini hukohoa isipokuwa na mzigo. Kibaya zaidi, hewa hiyo haikupita kwenye chujio. Ukilima kiangazi unanyonya vumbi moja kwa moja, na silinda zitalika kama zimepigwa msasa. Hata trekta la dizeli halisalimiki hapo.

Pima hivi: washa injini ikiwa baridi, dondoshea oili kidogo kwenye maungio. Ikinyonywa, au mlio ukibadilika, panavuja. Usitumie petroli, eksozi iko vidole viwili tu pembeni. Kisha fungua, weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi. Ukiona mwanga chini yake, peleka ikasawazishwe kwa mashine. Funga na gasketi mpya, ukianza kukaza nati za katikati kuelekea pembeni.

Kwenye ufa, fundi asichomelee chuma kikiwa baridi, kitapasuka kando ya alipochomelea. Kipashwe chote polepole, na akimaliza akifukie kwenye majivu kipoe taratibu.

Na muuzaji akiwa amekwisha kuliwasha trekta kabla hujafika, mwambie utarudi kesho alfajiri.