Akiba Ndogo za Kangema Zilizozaa Benki

Ndugu wana-Kangema, mwaka 1984 Equity ilianzia hapa kwetu ikiwa shirika dogo la mikopo ya nyumba. Kufikia 1993 mikopo isiyolipwa ilikuwa imekula mtaji wote. Kwa hesabu, ilikuwa imefilisika. Badala ya kufunga milango, iliwageukia wakulima na wachuuzi ambao benki kubwa hazikuwataka. Ikapokea akiba zao ndogo, na baadaye magari yake yakawafuata hadi vijijini. Mwaka 2004 ikawa benki kamili. 2006 ikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Iliwathamini wadogo, nao wakawa wengi. Mfuko wetu wa mwaka huu nao utajazwa hivyo hivyo. Haba na haba: usiidharau mia yako.