Kidonge cha Nyumbani na Kipimo cha Haki Michezoni

Hapa Kalemie, mtu akiumwa kichwa huomba kidonge kwa jirani. Kwa mchezaji wa kulipwa, kidonge cha namna hiyo kinaweza kumaliza kazi yake. Vijana wa makanisa yetu wanaotamani kucheza Lubumbashi au Ulaya hutuuliza kama adhabu za dawa zilizokatazwa ni za haki. Tunaeleza kwanza sheria, kisha tunavyoiona sisi wachungaji.

Kanuni zinatungwa na WADA, shirika la dunia lililoundwa 1999, makao yake Montreal, Kanada. Msingi wake ni kwamba mchezaji anawajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hajui kiliingiaje. Mkojo hutiwa katika chupa mbili; ya kwanza ikionyesha dawa, ana haki ya kudai ya pili ipimwe. Wasomaji wa Torati watakumbuka mashahidi wawili. Aliyekusudia hufungiwa miaka 4. Kwa EPO, inayoongeza chembe nyekundu za damu, mchezaji mwenyewe ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakukusudia. Kwa dawa nyingi za kawaida za hospitali, mzigo huo ni wa washtaki, na adhabu huanzia miaka 2. Mwenye kukabiliwa na miaka 4 akikiri ndani ya siku 20, mwaka mmoja hupunguzwa. Uongo huongeza: Jemima Sumgong wa Kenya, bingwa wa marathoni wa Olimpiki 2016, alifungiwa miaka 4 kwa EPO, ikawa 8 baada ya karatasi zake za hospitali kuonekana ni za kughushi.

Kuna kesi mbili zinazokaribiana. Mwaka 2020 André Onana wa Kameruni, kipa wa Ajax wakati huo, alikutwa na dawa ya kuongeza mkojo. Dawa hizi zimekatazwa kwa sababu zinaweza kuficha nyingine. Alisema alimeza kidonge cha mke wake kwa makosa. UEFA ilikubali kwamba hakukusudia, ikampa miezi 12, na Mahakama ya Michezo ya Lausanne ikapunguza hadi 9. Machi 2025 Ruth Chepngetich wa Kenya alikutwa na dawa ya jamii hiyohiyo, ambayo wagonjwa wa tansio wengi huijua, kwa kiasi karibu mara 190 ya kile kinachoruhusiwa kupita. Kwanza hakuwa na maelezo; baadaye akasema aliugua, akanywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Wachunguzi hawakumwamini, hasa baada ya kuona yaliyokuwa katika simu yake. Alipewa miaka 3.

Je, miezi 9 na miaka 3 ni upendeleo? Kwa kesi hizi mbili, tunasema hapana. Hesabu 35 inaweka miji ya makimbilio kwa aliyeua bila kukusudia, na inaagiza kusanyiko lipime nia yake. Kosa moja, nia mbili, hukumu mbili.

Kinachotusumbua ni gharama ya kuthibitisha nia. Jannik Sinner, mchezaji tenisi wa Italia, alikutwa mara mbili mwaka 2024 na dawa ya kujenga misuli. Alikuwa na mawakili na wataalamu walioonyesha haraka kwamba ilitoka katika dawa ya kupuliza ya mhudumu wake. Aliishia na miezi 3, bila kukosa hata shindano moja kati ya yale manne makubwa. Msichana wa Iten anayeishi kwa mbio mbili kwa mwaka atamlipa nani apime chupa zake za dawa? Mawe mawili ya kupimia, yale ya Kumbukumbu la Torati 25, yanaweza kuingia mfukoni hata pale sheria ni moja. Tunadhani mashirikisho yangelipia utetezi wa kwanza wa kila mchezaji asiye na uwezo. Pia yangewafuata zaidi waganga na mawakala, maana kanuni hiyohiyo inaruhusu anayempa mchezaji dawa afungiwe maisha.

Chepngetich ataruhusiwa kukimbia tena Aprili 2028, akiwa na miaka 33. Rekodi yake ya Chicago ya 2024, saa 2:09:56, haikufutwa.