Kikombe cha Abuja: Glezi Ilivyokutana na Chungu cha Kigbagyi

Chungu kilichochomwa uwanjani kwa kuni na nyasi huvujisha maji kidogo kidogo, na ndiyo maana maji yake huwa baridi. Kikombe cha chai hakitaki sifa hiyo. Kinataka udongo uliokazwa na moto hadi ukawa kama jiwe, kisha ukafunikwa glezi, yaani utando wa kioo unaoyeyukia juu yake tanurini. Nchini Nigeria, kituo cha kufundisha utengenezaji wa vikombe vya namna hiyo kilifunguliwa mwaka 1952, katika mji wa Abuja wa zamani ambao leo unaitwa Suleja.

Aliyeanzisha kituo hicho ni mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew, mwanafunzi wa mfinyanzi Bernard Leach. Alifika Achimota, Ghana ya leo, mwaka 1942, kusimamia mpango mkubwa wa kutengeneza vyombo vya udongo na vigae. Kiwanda cha mpango huo, kilichokuwa Alajo, kilifungwa mwaka 1945. Cardew akahamia Vume, kando ya mto Volta, akafungua karakana ndogo. Huko nako vyombo vingi viliharibikia tanurini, na mwaka 1948 akarudi kwao akiwa mgonjwa, kabla ya kwenda Nigeria.

Ugumu ulikuwa kwenye kemia. Moto wa vyombo hivyo hufika nyuzi joto 1,300 hivi za Selsiasi, na udongo mwekundu wa kawaida, wenye chuma kingi, hulegea na kuporomoka kabla ya hapo. Glezi nayo ina mahitaji yake: silika ya kuwa kioo, alumina ya kukizuia kisichuruzike, na majivu, chokaa au feldspa ya kukiyeyusha. Chuma kidogo, moto ukinyimwa hewa, huipa rangi ya kijani. Kikizidi, huwa kahawia hadi nyeusi. Glezi inayosinyaa zaidi ya udongo wake hupasuka nyufa nyembamba. Kwa hiyo kanuni iliyofaulu Uingereza haikuweza kubebwa tu hadi Afrika Magharibi: kila jiwe na kila udongo ulipaswa kuchimbwa, kusagwa, kuchanganywa na kuchomwa upya. Maarifa hayo Cardew aliyakusanya katika kitabu chake *Pioneer Pottery*, kilichotoka mwaka 1969.

Abuja, wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaume, wakifinyanga kwa gurudumu vikombe, majagi, mabakuli na mabirika. Lakini katika jamii ya Wagbagyi wa eneo hilo mabingwa wa udongo walikuwa wanawake. Kasri ya Emir Suleiman Barau, mtawala wa Abuja, ilikuwa na mitungi ya mmoja wao, Ladi Kwali, na Cardew aliiona huko. Mwaka 1954 Ladi Kwali akajiunga na kituo, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo.

Aliendelea kufinyanga kwa mkono kama alivyofundishwa tangu utotoni: akiuzunguka mtungi kwa miguu, akiuinua kwa kamba za udongo, kisha akichora juu yake mijusi, nge na nyoka. Kilichobadilika ni hatua ya mwisho. Mtungi ulipakwa glezi na kuingizwa katika tanuri la moto mkali, na michoro ikaonekana chini ya kioo. Wanawake wengine, Halima Audu, Asibi Ido na Kande Ushafa, walifuata. Kazi za Abuja zilionyeshwa London, na leo picha ya Ladi Kwali imo kwenye noti ya naira 20.

Mwaka 1974 alifika hapo Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akisomea ufinyanzi Uingereza. Alichojifunza kwa wanawake wa Abuja ni ufinyanzi wa mkono, na vyombo vilivyompa sifa duniani havina glezi kabisa. Hung'arishwa kwa kusuguliwa.

Kwa hiyo si haki kuiita Abuja hadithi ya mgeni aliyeleta ujuzi. Cardew alileta tanuri na glezi. Wanawake wa Kigbagyi walikuwa na umbo, mchoro na mkono. Karakana zetu za Afrika Mashariki zinazotaka kuuza vikombe vya glezi zianze hapo: wafinyanzi wa jadi wa Kikisi wa Ziwa Nyasa na wenzao wapewe nafasi ya ualimu, na kila jaribio la udongo na majivu, hata lililoharibika, liandikwe daftarini ili anayefuata asianze upya.