Umaarufu wa Mmoja, Hatima ya Wengi: Django Reinhardt na Uandishi wa Historia ya Wamanouche wa Ufaransa, 1910–1953

1.0 Utangulizi

Jean Reinhardt, ajulikanaye zaidi kwa jina la Django, alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 katika kijiji cha Liberchies nchini Ubelgiji, ndani ya gari-nyumba la kukokotwa na farasi. Alifariki kwa kiharusi tarehe 16 Mei 1953 huko Fontainebleau, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 43. Kati ya tarehe hizo mbili alirekodi mamia ya vipande vya muziki na kulipa gitaa nafasi ya kuongoza bendi ya jazi, badala ya kuwa chombo cha kusindikiza tu. Alikuwa Mmanouche, yaani mmoja wa tawi la Wasinti walioishi Ufaransa na nchi jirani, ambao watu wa nje wamezoea kuwaita Wajipsi.

Wasifu wake umesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kupitia visa vitatu: muujiza wa mtu aliyepiga gitaa kwa vidole viwili, bahati ya mtu aliyenusurika chini ya Wanazi, na uzembe wa msanii asiyejua saa wala mkataba. Makala hii haikanushi matukio yaliyo nyuma ya visa hivyo. Inadai kwamba kila kimojawapo kinageuza suala la kijamii kuwa sifa ya mtu binafsi, na kwamba kwa kufanya hivyo kinawaondoa Wamanouche wengine katika historia yao wenyewe. Hoja hiyo itajengwa kwa kuvipitia visa hivyo kimoja baada ya kingine, baada ya kueleza kwanza tatizo la vyanzo.

2.0 Tatizo la Vyanzo

Django hakupata elimu ya shule. Alijifunza kuandika jina lake akiwa mtu mzima, kwa msaada wa mpiga fidla Stéphane Grappelli, na hakuweza kusoma noti. Tungo zake kubwa alizitamka kwa gitaa huku mwenzake, hususan mpiga klarineti Gérard Lévêque, akiziandika. Kwa hiyo karibu kila ushahidi wa maandishi tulio nao juu yake ulitoka kwa watu wasio Wamanouche: wanamuziki wenzake, waandaaji wa matamasha na waandishi wa magazeti. Charles Delaunay, ambaye wasifu alioandika umekuwa msingi wa kazi nyingi zilizofuata, alikuwa pia kiongozi wa Hot Club de France na msimamizi wa santuri za Django. Aliyemwandika ndiye aliyemuuza.

Kwa mtafiti wa historia ya Afrika Mashariki tatizo hili si geni. Tunazo nyaraka za maofisa na wamisionari kuhusu watu ambao wenyewe hawakuandika, na tumejifunza kuuliza mwandishi alisimama wapi na alitaka nini kabla ya kuyakubali maneno yake. Tahadhari hiyo inahitajika hapa pia. Chanzo kilicho karibu zaidi na Django mwenyewe ni santuri zake, ingawa nazo zina mipaka: upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba takriban dakika tatu, na ni kampuni iliyoamua nini kirekodiwe. Mfano mmoja unatosha. Mwaka 1928, aliporekodi kwa mara ya kwanza akimsindikiza mpiga akodioni Jean Vaissade, lebo ilimwandika "Jiango Renard". Alama yake ya kwanza iliyochapishwa katika kazi yake iliandikwa na mtu ambaye hakujua jina lake.

3.0 Moto na "Muujiza"

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1928 gari-nyumba la Django liliteketea. Mkewe wa kwanza, Bella, alikuwa akitengeneza maua ya bandia ya seluloidi kwa ajili ya kuuza, na maua hayo ndiyo yaliyoshika moto. Django aliungua vibaya mguu wa kulia na mkono wa kushoto. Madaktari walitaka kuukata mguu, naye akakataa. Kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto vilibaki vimejikunja maisha yake yote.

Simulizi ya muujiza huanzia hapa, kana kwamba moto ulishuka kutoka mbinguni. Lakini moto ulikuwa na mazingira yake. Familia hiyo iliishi katika ukanda uliozunguka kuta za zamani za Paris, ambako kwa miongo mingi ujenzi wa kudumu ulipigwa marufuku kwa sababu za kijeshi, na ambako maskini na wasafiri walipata mahali pa kuegesha. Seluloidi hushika moto upesi. Nyumba yao ndiyo ilikuwa karakana yao, nayo ilikuwa ya mbao. Kilichomuunguza Django kilikuwa namna ambayo watu wa hali yake walipata riziki na makazi.

Kupona kwake nako kulikuwa na mazingira. Alikaa miezi takriban 18 katika matibabu na uangalizi, na ndugu yake Joseph, ambaye naye alikuwa mpiga gitaa, ndiye aliyempelekea gitaa kitandani. Kabla ya moto alikuwa amekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa, tangu utotoni, katika kumbi za dansi za Paris akipiga banjo na gitaa kando ya akodioni. Katika kumbi hizo zisizo na vipaza sauti, mpiga nyuzi aliyekuwa na mkono dhaifu hakusikika. Mkono wake wa kulia, ambao ndio unaotoa nguvu, kasi na mdundo, ulikuwa umefunzwa hivyo, na haukuunguzwa. Tena kauli ya "vidole viwili" haiko sahihi kabisa: kwa ghani alitumia kidole cha shahada na cha kati, lakini vile vilivyojikunja alivitumia kubania nyuzi nyembamba alipopiga noti kadhaa kwa pamoja. Alibuni njia mpya juu ya ufundi wa zamani, na ufundi huo aliupata kwa watu wake na katika kazi yao. Kuuita muujiza ni kuufuta ufundi huo.

4.0 Kundi la Nyuzi Tupu

Baada ya kuzisikia santuri za Louis Armstrong kwa mchoraji Émile Savitry huko Toulon mwaka 1931, Django alielekea katika jazi. Mwaka 1934, akiwa kazini katika hoteli ya Claridge mjini Paris, alianza kupiga na Grappelli wakati wa mapumziko. Hot Club de France, chama cha wapenzi wa jazi, kilichukua kundi hilo na kulipa jina lake. Mnamo Desemba 1934 kundi lilirekodi kwa kampuni ya Ultraphone likiwa na fidla, magitaa matatu na besi: Grappelli, Django, Joseph Reinhardt, Roger Chaput na Louis Vola.

Halikuwa na ngoma wala tarumbeta. Magitaa mawili ya nyuma yalifanya kazi ya ngoma kwa pigo kavu la kukatiza sauti, nalo ndilo lililompa mpiga gitaa wa mbele uwanja wa kutembea. Mara nyingi waliokaa katika viti hivyo vya nyuma walikuwa jamaa zake: Joseph, na baadaye binamu yao Eugène Vées. Vitabu huwataja kwa mstari mmoja. Lakini msikilizaji akiondoa pigo lao, ghani ya Django haina pa kusimama. Vilevile, umahiri wake haukuthibitishwa na Wafaransa peke yao. Wanamuziki Wamarekani Weusi waliofika Ulaya walirekodi naye wakiwa wenzake wa kazi. Coleman Hawkins na Benny Carter walifanya hivyo Aprili 1937 katika kikao cha kwanza cha lebo ya Swing.

5.0 Vita na "Bahati"

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, kundi lilikuwa London. Grappelli alibaki Uingereza, Django akarudi Paris. Aliunda kundi jipya lenye klarineti ya Hubert Rostaing, na Desemba 1940 akarekodi "Nuages", kipande kilichopata umaarufu mkubwa katika Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani. Kwa itikadi, Wanazi waliidharau jazi. Kwa vitendo, waliivumilia mjini Paris, ambako wanajeshi wao walitaka burudani. Baadhi ya nyimbo za Kimarekani zilipewa majina ya Kifaransa na kuendelea kupigwa.

Katika miaka hiyohiyo, hali ya watu wake ilikuwa nyingine. Tangu sheria ya tarehe 16 Julai 1912, dola ya Ufaransa iliwataka wale iliowaita wahamaji kubeba daftari lenye picha, alama za vidole na vipimo vya mwili, na kuligongesha mhuri kila walipofika na kuondoka mahali. Tarehe 6 Aprili 1940 amri ya serikali iliwapiga marufuku kusafiri kwa muda wote wa vita. Tarehe hiyo ina uzito: Wajerumani walianza kuivamia Ufaransa tarehe 10 Mei. Amri hiyo ilikuwa ya Jamhuri ya Ufaransa yenyewe, na msingi wake ulikuwa umewekwa kwa miaka 28. Baada ya uvamizi, watu kati ya 6,000 na 6,500 walizuiliwa katika kambi zilizosimamiwa na Wafaransa, mojawapo ikiwa Montreuil-Bellay. Wa mwisho waliachiwa mwaka 1946, miezi mingi baada ya vita kumalizika.

Wengi wa waliozuiliwa katika kambi hizo hawakupelekwa Auschwitz, nayo ni tofauti ambayo mtafiti hana budi kuitunza. Waliokamatwa Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa ndio walioangukiwa na hatima hiyo. Tarehe 15 Januari 1944 watu takriban 350 walisafirishwa kwa treni moja kutoka Mechelen, na waliorudi walikuwa wachache sana. Django alizaliwa katika nchi ambayo treni hiyo ilitoka.

Mwaka 1943 alijaribu kuvuka mpaka kuingia Uswisi. Kwa mujibu wa masimulizi ya wasifu wake, alikamatwa, kisha akaachiwa na ofisa wa Kijerumani aliyeupenda muziki wake. Alipojaribu tena, walinzi wa Uswisi walimrudisha. Kisa hiki hupendwa kwa sababu kinaonyesha sanaa ikishinda ukatili. Tukikisoma kwa makini kinaonyesha jambo jingine. Mtu maarufu kuliko wanamuziki wote wa jazi nchini alikimbia, mara mbili, akiwa na mke mjamzito. Umaarufu ulimpa nafuu ya siku ile, na nafuu inayotegemea masikio ya ofisa mmoja si usalama. Mwanawe Babik alizaliwa Paris Juni 1944. Katika miaka hiyo pia Django alianza kutunga misa kwa ajili ya watu wake, asiikamilishe. Tukiita haya yote bahati, tunakuwa tumeacha kuuliza ni nani aliyeugawa uhai kwa bahati nasibu.

6.0 Marekani na "Uzembe"

Mwishoni mwa 1946 Django alikwenda Marekani kuzunguka na bendi ya Duke Ellington. Safari hiyo mara nyingi huhukumiwa kwa jioni moja: tamasha la pili katika ukumbi wa Carnegie, New York, mwezi Novemba, ambako alichelewa sana kufika. Jioni hiyo imekuwa ushahidi wa tabia, na hatimaye wa tabia ya kabila zima.

Mazingira hutajwa mara chache. Hakujua Kiingereza. Alipiga gitaa la umeme, lenye sauti tofauti na ile ya gitaa la Selmer aliloshika kwa miaka mingi. Alipangiwa kupiga vipande vichache karibu na mwisho wa onyesho, mbele ya bendi kubwa ambayo haikuundwa kwa ajili yake. Aliyezoea kuzungukwa na ndugu zake jukwaani alisimama peke yake. Kuchelewa kulitokea, lakini rekodi za kazi yake, kikao baada ya kikao kwa robo karne, si rekodi za mtu asiyefika kazini. Na anayemhukumu kwa saa hana budi kueleza santuri zake za Machi na Aprili 1953, ambamo, wiki chache kabla ya kifo, anapiga gitaa la umeme kwa lugha mpya ya jazi ya baada ya vita, bila kuirudia mitindo iliyompa jina.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba muujiza, bahati na uzembe ni majina matatu ya pengo moja. Kila mara tabia ya mtu mmoja imechukua nafasi ya maelezo kuhusu makazi, sheria, kazi na ukoo. Ufaransa ilimpenda Django kwa sauti yake huku ikiwapima watu wake vichwa na vidole, na mapenzi hayo hayakuifuta sheria. Daftari la vipimo lilidumu hadi 1969, miaka 16 baada ya kifo chake. Na ni mwaka 2016 tu ambapo Rais François Hollande alikiri, huko Montreuil-Bellay, wajibu wa taifa lake katika kuwafunga wahamaji.

Yapo mambo mawili yanayofuata kwa utafiti ujao. Kwanza, santuri zisomwe kama nyaraka za kundi: wapiga magitaa wa nyuma watambuliwe, watajwe na kusikilizwa. Pili, kumbukumbu za kambi na madaftari ya 1912, ambayo yaliandikwa ili kuwadhibiti watu hawa, yawekwe kando ya santuri hizo katika simulizi moja. Maelfu ya Wamanouche wa kizazi cha Django waliacha alama za vidole katika faili za polisi, wala hawakuacha santuri. Yeye aliacha santuri. Mwanahistoria anayeshika kimoja na kuacha kingine atakuwa amemheshimu mpiga gitaa kwa kuwasahau wale waliomfundisha kupiga.