Neno "Uhuru" Katika Safari za Anga: Historia ya Jina Moja na Funzo Lake kwa Waunda Istilahi

Katika bustani ya Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam, umesimama Mnara wa Mwenge wa Uhuru. Kando ya bustani hiyo unapita Mtaa wa Uhuru, ambao zamani ukiitwa Mtaa wa Kichwele. Mkazi wa Kariakoo anayevuka hapo kila asubuhi hahitaji kamusi ili ajue maana ya neno hilo. Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba neno hilohilo lilichukuliwa Marekani mwaka 1966, likabadilishwa irabu yake ya mwisho, na likawa jina la afisa wa chombo cha anga katika Star Trek, mfululizo wa vipindi na filamu ambao una mashabiki ulimwenguni kote mpaka leo. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya jina hilo, na kuonyesha kile ambacho sisi tushughulikao na istilahi tunaweza kujifunza kwayo.

Sababu ya kuandika makala haya ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nililetewa tafsiri ya maelezo ya filamu moja ya mfululizo huo ili niihariri. Nilipoona jina "Uhura" limejirudia mara nyingi, nilidhani mfasiri amekosea tahajia, nikalisahihisha kila mahali liwe "Uhuru". Kazi ilirudishwa kwangu ikiwa na swali moja fupi pembeni: "Ndugu mhariri, huyu ni nani?" Nilipotafuta jibu ndipo nilipogundua kwamba historia ya jina hilo ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Asili ya neno

Neno huru limetoka katika Kiarabu. Katika Kiswahili cha karne ya 19 mtu huru alikuwa kinyume cha mtumwa, na uhuru ulikuwa hali ya mtu asiyemilikiwa na mtu mwingine, ama kwa kuzaliwa ama kwa kuachwa huru na bwana wake. Ilikuwa hadhi ya mtu mmoja mmoja. Katika miaka ya 1950, hasa baada ya TANU kuundwa hapa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, neno lilipanuka likawa hadhi ya nchi nzima. Maana hiyo mpya haikutoka katika orodha ya istilahi. Ilikuzwa katika mikutano ya hadhara, kwa vinywa vya watu waliokuwa wakiihitaji. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963, neno hilo lilikuwa limekwisha kuingia katika magazeti ya dunia bila kutafsiriwa.

Kisarufi neno hili halina utata. Kiambishi u- cha nomino dhahania kimeungana na kivumishi huru, kama kinavyoungana na -zuri tukapata uzuri. Irabu ya mwisho ni sehemu ya shina. Ukiigusa irabu hiyo, shina limevunjika.

Uhuru kuwa Uhura

Kipindi cha Star Trek, kilichobuniwa na Gene Roddenberry, kilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Nichelle Nichols, Mmarekani Mweusi aliyecheza nafasi ya Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, alieleza baadaye kwamba siku aliyokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1962 na inayohusu Kenya. Roddenberry alilipenda neno hilo, lakini likaonekana kuwa gumu kidogo kwa jina la mwanamke. Hivyo -u ya mwisho ikageuzwa kuwa -a.

Kwa mwanasarufi wa Kiswahili sababu hiyo haina msingi. Zipo lugha za Ulaya ambazo irabu -a mwishoni mwa jina huashiria jinsia ya kike. Kiswahili si mojawapo. Juma na Musa ni wanaume, na Zainabu ni mwanamke. Hata hivyo, jina hilo jipya halikuwa geni sana kwa sikio la mwambao. Nilipomsimulia mama yangu mkubwa kisa hiki nyumbani kwake Kariakoo, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyo si Zuhura?" Nami sikuwa na la kumpinga, kwani Zuhura ni jina la mwanamke, na tena ni jina la sayari.

Yafaa pia kukumbuka wakati wenyewe. Mwaka huohuo wa 1966, katika mji huohuo wa Los Angeles ambako kipindi kilikuwa kikitengenezwa, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo istilahi zake ni za Kiswahili. Wamarekani Weusi waliokuwa wakipigania haki zao waliitazama Afrika Mashariki iliyokuwa imejitawala karibuni, wakachukua maneno yake. Kwa hiyo jina Uhura, hata kama umbo lake lina kasoro, lilibeba maana yake kamili. Nichols alisimulia kwamba alipotaka kuiacha kazi hiyo ni Martin Luther King aliyemsihi abaki, kwa kuwa watazamaji walikuwa wakimwona mwanamke Mweusi akifanya kazi kwa heshima sawa na wenzake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wenye lugha wenyewe hawakuwa na nafasi ya kuyaona hayo kwa wakati wake. Dar es Salaam ilikuwa na majumba ya sinema mashuhuri, kama vile Avalon, Empire na Odeon, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa miaka 28 neno letu lilitamkwa katika televisheni za ng'ambo, wakati mji wenye Mtaa wa Uhuru haukuwa na televisheni yake.

Kiswahili ndani ya chombo

Luteni Uhura si jina tu. Lugha yake ya kuzaliwa ni Kiswahili. Katika kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa, kiumbe chenye uwezo wa kujigeuza sura kinamjia kwa umbo la mwanamume Mwafrika na kumsemesha kwa Kiswahili. Lugha ya nyumbani inafanywa chambo, kwa kuwa mwandishi alijua kwamba mtu aliye mbali na kwao huvutwa upesi na lugha yake.

Kipindi kingine, kilichoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967, kina uzito zaidi kwetu. Humo mtambo wenye akili unafuta kumbukumbu za Uhura, naye anaanza kufundishwa kusoma upya kama mtoto. Anaposhindwa na somo, maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili. Tiba yake ni kurudishwa katika Kiingereza, na anapokimudu tena huhesabiwa kuwa amepona.

Mwaka huohuo wa 1967, tarehe 4 Januari, Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za Serikali. Na kwa Sheria Na. 27 ya 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Hapa nchini, basi, Kiswahili kilikuwa kikipewa kazi ya kuendesha dola, na katika filamu hiyo kilikuwa lugha ya mtu aliyepoteza elimu yake. Mwalimu wa shule ya sekondari atakayekitazama kipindi hicho leo hatakiona kuwa hadithi tupu. Mwanafunzi wetu aliyejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili kwa miaka saba huingia Kidato cha Kwanza akaanza kufundishwa upya kwa Kiingereza majina ya vitu alivyokwisha kuvijua, na mara nyingi huhesabiwa kuwa ameelimika pale anapoyamudu majina hayo. Istilahi zetu za sayansi zisipotumika darasani, nasi tutakuwa tumekubali tiba ileile.

Mashabiki wamkamilishia jina

Mfululizo huo ulikuwa karibu kufa mapema. Mwaka 1967 na 1968 mashabiki waliandikia kampuni ya televisheni barua nyingi mno wakidai usikatizwe, na mwaka wa tatu wa vipindi ukapatikana. Ulikoma mwaka 1969, lakini mashabiki hawakutawanyika. Walichapisha majarida yao wenyewe, wakafanya mikutano, wakaandika hadithi, mpaka filamu ya kwanza ilipotoka mwaka 1979. Nichols alicheza katika filamu sita, ya mwisho mwaka 1991.

Katika miaka yote hiyo Luteni Uhura hakuwa na jina la kwanza. Mashabiki waliona upungufu huo, wakafanya kazi ambayo sisi tungeiita kazi ya kamati ya istilahi. Wapo waliomwita Penda katika hadithi zao. Mwaka 1982 mwandishi William Rotsler alipendekeza Nyota. Majina yote mawili yalitafutwa katika Kiswahili, na watu ambao wengi wao hawakukisema. Nyota likapendwa zaidi, likaenea katika riwaya na katika mazungumzo, hata watu wakadhani limekuwapo tangu mwanzo. Filamu ya mwaka 2009 ndiyo iliyolithibitisha. Baina ya pendekezo na uthibitisho ilipita miaka 27.

Mpangilio huo tuuzingatie. Kwanza palikuwa na haja, kisha pakatolewa mapendekezo zaidi ya moja, watumiaji wakachagua, na wenye mamlaka wakathibitisha mwishoni. Neno uhuru lilipata maana yake ya kisiasa kwa njia hiyohiyo. Sisi mara nyingi tumeanzia mwisho: huthibitisha kwanza, kisha hutafuta watumiaji.

Uhuru wa kweli angani

Neno letu halikuishia katika filamu. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitalia, katika bahari ya Kenya karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo katika nyota. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina Uhuru, bila kubadilishwa herufi hata moja. Mpaka ilipomaliza kazi mwaka 1973 ilikuwa imeorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Naye Nichols, kuanzia mwaka 1977, alifanya kazi na Shirika la Anga la Marekani, NASA, kuwahimiza wanawake na watu wasio Wazungu waombe kazi ya uanaanga. Hivyo jina lililobuniwa kwa ajili ya hadithi lilisaidia kuwapata wanaanga wa kweli. Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022.

Mapendekezo kwa wafasiri

Kwanza, jina la mtu ni la mwenyewe. Mfasiri aandike Uhura, na akiona haja aeleze asili yake mara moja. Asilisahihishe kama nilivyofanya mimi.

Pili, tusihangaike kutafuta mbali istilahi za safari za anga, maana mabaharia wetu walikwisha kutuandalia. Chombo kilikuwa jahazi kabla hakijawa chombo cha anga. Rubani aliongoza merikebu kabla hajaongoza ndege. Usukani ulitoka katika jahazi ukaingia katika motokaa. Mwanaanga amefuata kielelezo cha mwanamaji. Kwa kiongozi wa chombo, nahodha linafaa zaidi kuliko kapteni, ambalo kwetu ni cheo cha jeshi.

Tatu, fani yenyewe bado haina jina lililokubaliwa na wote. Katika maandishi tunakutana na "hadithi za kubuni za kisayansi" na pia "bunilizi za kisayansi". Fani hiyo si ngeni katika fasihi yetu. Katama Mkangi, katika riwaya ya Walenisi ya mwaka 1995, alimsafirisha mhusika wake kwa chombo mpaka ulimwengu mwingine. Kabla ya kuchagua, nilikwenda kwa kijana mmoja auzaye filamu Kariakoo, zile zilizotiwa maelezo ya Kiswahili na watafsiri wa mitaani, nikamwuliza yeye huziitaje. Akajibu, "Hizo ni picha za anga, kaka." Mteja wake hahitaji maelezo zaidi. Neno hilo halitoshi kwa fani nzima, kwa sababu si kila hadithi ya namna hiyo huenda angani. Lakini kwa filamu za aina ya Star Trek linafaa, na tayari lina watumiaji.

Hitimisho

Baadhi ya wenzetu hukereka waonapo Kiswahili kikigeuzwa na wageni. Nilikuwa mmoja wao. Lakini soko la Kariakoo, umbali mfupi kutoka ulipo mnara wa Mnazi Mmoja, limepata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Sisi nasi tulilichukua neno la watu, tukaligeuza likae sawasawa katika vinywa vyetu, wala hatukumwomba ruhusa mtu yeyote. Lililo muhimu ni kwamba maneno yetu yatumike, na hasa yatumike na watoto wetu katika kujifunza mambo ya anga na ya dunia.

Wafasiri na walimu wenye maneno mengine yanayotumika katika sehemu zao kwa filamu na hadithi za namna hii wanaombwa wayapeleke kwa mhariri, pamoja na kueleza ni nani wanaoyatumia na wapi, ili orodha itakayotayarishwa ianzie kwa watumiaji.