Vizuia sauti vya bunduki: Sheria yasemaje?

Kizuia sauti ni kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu ili kupunguza kasi ya gesi moto zinazofuata risasi. Mlio hupungua bali hautoweki, kinyume na inavyoonyeshwa kwenye filamu.

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakihesabu kifaa hicho kuwa silaha. Kukimiliki pasipo cheti ni kosa. Mnamo Desemba 2018, Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliagiza wenye leseni wote wapigwe msasa upya.

Nchini Marekani, sheria ya 1934 iliweka usajili na ushuru wa dola 200. Wanaotaka masharti yalegezwe hudai kifaa hicho hulinda masikio ya wawindaji. Wapinzani wao huhofia usalama wa umma. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 iliufuta ushuru huo kuanzia Januari 2026, lakini usajili ukabaki.

Hoja ya wawindaji haina mashiko Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Katika mitaa ya Eastlands kama vile Mathare, Huruma na Dandora, nyumba zimesongamana na mlio ndio humwamsha jirani. Aliyeusikia huweza kueleza saa, upande na idadi ya risasi. Maelezo hayo huwafaa wachunguzi, wakiwemo wa IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza polisi wanaotuhumiwa kuua. Mlio ukififishwa, shahidi naye hupungua.