Deni la Kaburi: Thebes ya Magharibi katika Manga ya Yu-Gi-Oh!

Imezoeleka kusemwa kwamba Misri ya kale katika manga na anime ni pambo tu. Piramidi na hieroglifu, wahakiki wanadai, huwekwa nyuma ya wahusika kama pazia la jukwaani, kisha hadithi ikaendelea na mambo yake. Makala haya yanaipinga hoja hiyo. Katika Yu-Gi-Oh! ya Kazuki Takahashi, iliyochapishwa katika Weekly Shōnen Jump kuanzia 1996 hadi 2004, makaburi halisi ya Misri yameingia pamoja na historia yake ya kuporwa, na historia hiyo ndiyo inayoisukuma hadithi.

Juu ya makosa hakuna ubishi. Katika Ouke no Monshō ya Chieko Hosokawa, iliyoanza 1976, jina la mji wa Memphis amepewa mfalme kijana. Takahashi naye ameugeuza mnara wa obeliski kuwa mungu. Ubishi uko kwenye maana. Wanaofuata Orientalism ya Edward Said (1978) huhitimisha upesi kwamba Japani imerithi jicho la Ulaya. Wanasahau nguzo ya hoja ya Said mwenyewe, yaani maarifa yanayokwenda sambamba na utawala. Uingereza iliitawala Misri, Japani haikuitawala. Wajapani wengi waliijua Misri kupitia maonyesho. Mwaka 1965 hazina za Tutankhamun zilipelekwa Tokyo, Kyoto na Fukuoka, zikatazamwa na zaidi ya watu milioni 2, na mapato yakachangia kuokoa mahekalu ya Nubia. Ilikuwa miaka ileile (1964–1968) ambapo Abu Simbel ilikatwa vipande na kuhamishiwa juu, mbali na maji ya bwawa la Aswan. Katika miaka ya 1970 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Waseda wakawa wanachimba Malkata, ng'ambo ya magharibi ya Luxor, yaani Thebes ya kale. Takahashi, aliyezaliwa 1961, alikulia katika nchi iliyoiona Misri ndani ya kabati za vioo, mahali ambapo swali la nani amekitoa kitu kaburini, na kwa idhini ya nani, haliepukiki.

Ushahidi wangu mkuu ni mkasa wa Shadi, ulio katika sura za mwanzo, kabla mchezo wa karata haujaitawala manga hiyo. Makumbusho ya mji wa kubuni wa Domino yanaonyesha vitu vilivyofukuliwa Misri. Mwenye makumbusho, Kanekura, anapanga kuliuza kwa siri Fumbo la Milenia, ambalo si lake. Shadi, Mmisri mlinzi wa makaburi, anamfuata, anamhoji, na kuyapima majibu yake kwa mizani yenye unyoya wa Maat, mungu wa haki. Mizani inaelemea upande wa uovu, na zimwi Ammit anamla. Hukumu hii imetoka moja kwa moja katika sura ya 125 ya Kitabu cha Wafu. Lakini kilichobadilika ndicho chenye uzito: mshtakiwa ni muungwana wa mjini, na hakimu ni Mmisri aliyeifuata mali hadi ugenini. Sheria ya kaburi haikubaki kaburini. Pazia la jukwaani halihukumu mtu.

Mkasa wa mwisho wa manga unalikuza deni hilo la kaburi. Tunaambiwa kwamba vitu saba vya Milenia, Fumbo lile likiwa kimojawapo, viliundwa kwa damu ya watu 99 wa Kul Elna, kijiji cha wezi wa makaburi, kwa amri ya ndugu yake Farao. Anayejua historia ya Thebes ya Magharibi hawezi kupita hapa bila kusimama. Huko, Deir el-Medina kilikuwa kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme. Mwaka wa 29 wa Ramses III waligoma kwa kucheleweshewa posho ya nafaka. Chini ya Ramses IX kesi za wizi wa makaburi ziliandikwa kwenye mafunjo, na miongoni mwa waliokiri, baada ya kuchapwa fimbo, alikuwamo mwashi. Hati hiyo ya kukiri yenyewe imegawanyika: nusu iko Brussels, nusu New York. Kama sheria iliyomhukumu Kanekura ingetumika hapa, nani angesimama mbele ya mizani?

Nitapingwa kwa mfano wa JoJo's Bizarre Adventure ya Hirohiko Araki, ambayo safari yake ya kuelekea Cairo inaifanya miji ya Nile kuwa viwanja vya mapigano. Mwezi Mei 2008 kampuni ya uchapishaji ya Shueisha iliomba radhi kwa sababu anime iliyotokana na kazi hiyo ilimwonyesha mhusika mwovu akisoma kitabu chenye aya za Kurani. Nakubali kwamba dai langu haliifuniki kila kazi. Hata hivyo, tukio hilo linaonyesha hatari ya kuichora Misri kama nchi isiyo na wenyewe, kosa ambalo Takahashi, kwa kuwapa Shadi na ukoo wa Ishtar ulinzi wa makaburi, hakulifanya. Wala hoja kwamba hakukusudia haya hainisumbui. Kazi ya sanaa hupimwa kwa inachokitenda.

Yu-Gi-Oh! inamalizika Misri: vitu vya Milenia vinarudishwa chini ya ardhi na roho ya Farao, iliyokaa ndani ya Fumbo, inakwenda kupumzika. Jiwe la Rosetta liko Uingereza tangu 1802, na sanamu ya Nefertiti ingali Berlin. Katika suala la kurudisha mali za kale, manga ya vijana imetamka wazi kile ambacho makumbusho makubwa ya Ulaya yanakikwepa. Idara zetu za fasihi na historia ziisome kwa uzito huo, bega kwa bega na mafunjo ya kesi za Thebes.